MTOTO ANASOMA AU ANAITIKIA?



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, sisi walimu wenu tuna machache ya kusema juu ya swali ambalo wazazi wa hapa Ikombe hutuuliza mara kwa mara: "Ustadhi, mwanangu amefika wapi?"

Mzazi hutaka kutajiwa sura. Akiambiwa Alam Nashrah, huondoka na furaha. Lakini mtoto mwenye sikio zuri anaweza kushika sura kumi kwa kuitikia wenzake, huku kidole chake kiko mstari mwingine. Kuhifadhi kuna fadhila kubwa, ila kuhifadhi ni kuhifadhi na kusoma ni kusoma. Hapa kwetu penye vyungu, mnunuzi hukigonga chungu kwanza asikie mlio wake.

Kwa maoni yetu kipimo kianzie kwenye herufi. Zile 28 zisiulizwe kwa mfuatano wa alifu, be, te, kwani mfuatano huo watoto wameufanya wimbo. Mtoto aitwe peke yake, aonyeshwe herufi huku na huko: be, te na the zinazotofautishwa na nukta, ain ambayo umbo lake hubadilika mwanzo, kati na mwisho wa neno. Zifuate fatha, kasra na dhumma, kisha sukuni na shadda. Matamshi nayo yasikilizwe, kwani qalbu kwa qaf ni moyo, na kalbu kwa kaf ni mbwa. Mwisho apewe neno geni. Akiliunganisha mwenyewe, huyo anasoma.

Shuleni mambo ni hayo hayo. Mwaka 2010 Uwezo walipopima watoto wa Tanzania mmoja mmoja, hata nusu ya wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Madarasa walikuwa wamepanda, kusoma bado.

Ndugu mzazi, hata kama hujui Kiarabu unaweza kupima. Funika mistari ya juu, mwambie mtoto aanze katikati ya sura. Anayesoma ataanza hapo. Anayeitikia atarudi mwanzo.

Akikwama, asipigwe wala asichekwe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kuwa anayesoma Qur'an kwa taabu ana malipo mawili. Arudishwe kwenye herufi iliyomkwamisha, hata kama wenzake wameshaingia Msahafu. Akisukumwa mbele hivyo hivyo, atakua akiona haya kuuliza be na te, na mwisho ataikimbia madrasa.

Basi mwakani tuulizeni: "Mwanangu anasoma herufi zipi, na zipi bado?"

Wabillahi tawfiq.