Mwanafunzi Aachwe Apotee Lamu

Ziara ya kimasomo ya Lamu si jambo geni katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya humu nchini. Ratiba yake hujulikana hata kabla ya basi kung'oa nanga. Wanafunzi hushukia Mokowe, huvuka kwa mashua na kulala; asubuhi hupelekwa Ngomeni, kisha Jumba la Makumbusho, kisha Nyumba ya Waswahili, na siku ya pili Shela au Matondoni kunakoundwa majahazi. Kila kituo kina dakika zake, na kila dakika ina mtu wa kuisemea. Jioni hutolewa kile kiitwacho muda huru, ambao aghalabu huishia katika ununuzi wa vikoi. Maoni ya makala haya ni kwamba ratiba ya namna hiyo humnyima mwanafunzi kile kile alichokifuata Lamu. Nusu siku nzima, isiyo na mwongozaji wala mwenzi wala karatasi ya maswali, ingestahili kuandikwa katika ratiba hiyo na kuhesabiwa kuwa somo.

Yanayosemwa Ngomeni yamo vitabuni. Kwamba ujenzi wake ulianza mapema katika karne ya 19, kwamba ilitumiwa kama gereza hadi mwaka 1984, kwamba Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001: yote hayo mwanafunzi angeweza kuyasoma akiwa Maseno, nauli yake ikiwa ingali mfukoni. Kisichosomeka vitabuni ni sauti. Msomaji anafahamu jinsi Kiamu kinavyofundishwa. Huletwa darasani kupitia tendi za kale, na maneno yake hufafanuliwa pembeni mwa ukurasa: mato ni macho, mai ni maji, mtele ni mchele, moya ni moja. Tangu Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, lahaja hii imezoeleka kwa wanafunzi wengi wa bara kama lugha ya marehemu. Mwanafunzi huweza kupata alama ya juu katika mtihani wa lahaja, kisha akaitwa 'ndoo!' na mtoto wa Langoni, naye akaangaza macho kutafuta chombo cha kutekea maji.

Na si msamiati tu. Tofauti kati ya t ya meno na t ya ufizi, au kati ya paa la nyumba na paa wa mwituni anayetamkwa kwa mpumuo, haionekani katika maandishi sanifu. Huisikia yule aliyeketi mahali watu wanapozungumza wao kwa wao.

Hapo ndipo penye tatizo la msafara. Wanafunzi arobaini wakipita Usita wa Mui kwa safu, wakitanguliwa na mwongozaji, mji mzima hubadili lugha. Mwenye duka hujibu kwa Kiswahili cha redioni, wazee wa barazani hunyamaza, na watoto hujaribu Kiingereza. William Labov alilieleza tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970: mtafiti anataka kujua watu wanavyosema wasipochunguzwa, ilhali hana njia ya kujua ila kwa kuwachunguza. Wanafunzi wa isimujamii hulikariri tatizo hilo vizuri kabisa, kisha huenda Lamu wakalitenda.

Mtu mmoja hali yake ni nyingine. Kwanza, hulazimika kusalimu. Kundi linaweza kuupita mlango wenye watu bila kutoa salamu na lisilaumiwe, kwa kuwa kundi halina uso. Mpita njia aliye peke yake hawezi. Akishasalimu huulizwa atokako, na akishajibu huenda akasogezewa nafasi. Pili, hana mwenzi wa kuzungumza naye Kisheng' au lugha ya kwao. Na tatu, hachukui muda kuchosha watu kumtazama. Akikaa nusu saa karibu na wacheza bao, wao hurejea katika mchezo wao na katika lugha yao.

Yapo wasemayo kwamba kumwachilia mwanafunzi hivyo ni kumfundisha uzururaji. Kiswahili chenyewe kinaonekana kuwaunga mkono, kwani kuzurura na kuranda ni maneno yenye lawama. Lakini kipo pia kitenzi kuvinjari, ambacho kabla ya kuazimwa na watu wa intaneti kilimhusu mtu apitaye huku na huko akiwa macho, akitafuta habari au akilinda. Kutokuwa na ratiba si kutokuwa na akili.

Kuhusu kupotea, mji wenyewe ni mwalimu mpole. Ingawa pikipiki zimeanza kuingia, vichochoro vingi bado ni vya miguu na punda, na mji umejengwa juu ya mteremko unaoelekea bahari. Anayechanganyikiwa huko Mkomani na ateremke. Hatimaye atatokea ufukoni. Kabla ya hapo atakuwa amemwuliza njia mtu mmoja au wawili, na atakuwa amejibiwa ndia. Hilo ni somo la fonolojia ambalo hakuna mhadhiri aliyelipanga.

Pingamizi nzito zaidi ni mbili. Ya kwanza ni usalama. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa katika kaunti nzima, na hofu ya wazazi na wakuu wa vyuo haiwezi kubezwa. Ila kinachopendekezwa hapa ni saa za mchana, ndani ya mji wenyewe, na simu mfukoni. Ya pili ni heshima. Vichochoro vya Lamu ni nyua za watu, si maabara. Anayeingia humo na kinasasauti kilichofichwa anastahili kufukuzwa. Ndiyo maana asipewe karatasi ya maswali.

Kuna jambo ambalo huwekwa kando katika mjadala huu, nalo ni la mwanafunzi wa kike. Husemwa kwamba yeye hasa ndiye asiyefaa kuachwa peke yake. Ni kweli kwamba atahitaji kujisitiri na kuchunga adabu za mji, na kwamba huenda kichochoro kimoja au viwili vikamtia wasiwasi ambao mwenzake wa kiume hataujua. Hata hivyo, mwanamume mgeni hukomea dakani. Mwanamke huweza kukaribishwa ndani, na ndani ndiko iliko lugha ambayo Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858: lugha ya mama, ya jikoni, ya wosia na ya mzaha. Msafara haujawahi kukaribishwa huko.

Wanaopanga ziara za mwaka ujao watauliza saa hizo zitoke wapi. Zipo. Posta ya Wajerumani, kwa mfano, ilifanya kazi Lamu kwa miaka miwili na ushei tu, kuanzia 1888, na wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuisoma ndani ya basi.