Simu ya Hija: Bora ni Ile Aliyoizoea Mwenye Safari

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Kila msimu wa Hija unapokaribia, katika nyumba zetu za Ubungo, tangu Manzese hadi Kimara na Mbezi, huonekana pilikapilika zile zile. Ihramu zinanunuliwa, chanjo zinachomwa, madeni yanalipwa na majirani wanaombwa radhi. Siku hizi limeongezeka jambo moja: watoto hukaa kikao, wakachanga fedha ili wamnunulie mzazi wao simu ya kusafiria. Hilo ni jambo jema, na ni katika kuwatendea wema wazazi. Hata hivyo, tumeona mara kadhaa wema huo ukigeuka mzigo, kwa kuwa waliochagua simu walitazama bei na fahari yake, wakamsahau atakayeishika.

Miaka michache iliyopita tulimsindikiza uwanja wa ndege bibi mmoja wa mtaani kwetu. Wanawe walikuwa wamemkabidhi simu mpya ya gharama kubwa usiku wa kuamkia safari. Kwa miaka mingi bibi yule alitumia simu ndogo ya vitufe, ambayo aliweza kuipokea hata gizani. Akiwa Makka, baada ya swala ya Isha, alipotezana na wenzake katika msongamano wa watu wanaotoka msikitini. Wanawe walipiga simu kutoka Ubungo mara nyingi. Simu iliita, naye aliiona ikiwaka, lakini kila alipobonyeza kioo badala ya kutelezesha kidole, haikupokelewa. Alikuja kupatikana alfajiri, amechoka na amejaa hofu. Aliporejea alituambia: "Wanangu, simu ilikuwa inalia mkononi mwangu, na mimi nalia nayo."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Rai yetu ni kwamba simu bora ya safari ni ile ambayo msafiri ameizoea kabla ya siku ya kuagwa. Sifa nyingine zote zinafuata baada ya hiyo.

Huenda wapo watakaosema kuwa anayekwenda kwenye nyumba ya Allah hahitaji simu, bali amtegemee Mola wake. Tunawakumbusha aya ya 197 ya Suratul Baqarah, inayowaagiza mahujaji wachukue masurufu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba watu wa Yemen walikuwa wakija Hija bila masurufu wakidai kuwa wanamtegemea Allah, kisha wakifika Makka huwaomba watu, na hapo ndipo aya hiyo iliposhuka. Na Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwamba kwanza amfunge, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Simu leo ni katika masurufu hayo. Basi tuichague kwa akili.

Kwanza, tumtazame msafiri mwenyewe. Mzazi ambaye hajawahi kutumia simu janja anunuliwe miezi mitatu kabla, sio siku tatu. Aipokee na kuipiga kila siku. Maandishi yake yakuzwe, lugha iwe Kiswahili, na majina ya kiongozi wa kikundi na ya watoto yawekwe mwanzo kabisa. Akishindwa kuizoea, asilazimishwe. Zipo simu za vitufe zenye laini mbili na uwezo wa 4G, na hizo zinamfaa zaidi. Tunataja 4G kwa makusudi, kwani nchi nyingi zinaendelea kuzima mitambo ya simu ya zamani.

Pili, simu iwe halisi. Wakazi wa Ubungo hatuhitaji kuhadithiwa habari ya matapeli. Zama za stendi yetu kuu ya mabasi, kabla haijahamia Mbezi Luis mwaka 2021, tulisikia mengi ya wasafiri waliouziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu. Stendi imehama, lakini simu bandia hazijaisha. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia zilizokuwa zikitumika nchini. Mnunuzi abonyeze *#06# ili apate namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, naye ataletewa aina ya simu inayohusika na namba hiyo. Jina likitofautiana na simu aliyoishika, aiache hapo hapo dukani.

Tatu, iwe na nafasi ya laini mbili na isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja. Laini ya nyumbani inahitajika ili ujumbe wa benki upokelewe, lakini kuitumia ugenini ni ghali, na aghalabu msafiri hukatwa fedha hata kwa kupokea simu. Kwa hiyo intaneti ya laini hiyo izimwe kabla ya ndege kuondoka. Kule Saudi Arabia makampuni kama STC, Mobily na Zain huuza laini zao kwa mahujaji, nazo husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Hapa pana tahadhari moja. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022, hazina tundu la laini. Zinatumia laini ya ndani ya simu, iitwayo eSIM. Anayeletewa simu ya namna hiyo na ndugu aliyeko ughaibuni aulize mtandao wake mapema kama ataweza kuitumia. Vile vile familia zisitegemee WhatsApp peke yake kwa maongezi ya sauti. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu hupitia, umekuwa ukiyazuia kwa miaka mingi.

Nne, ni chaji na joto. Chaja yetu ya meno matatu bapa hutumika pia Saudi Arabia, ila anayelala Addis Ababa au Istanbul atakuta matundu ya duara, basi abebe kiunganishi. Katika mahema ya Mina watu ni wengi na soketi ni chache, kwa hiyo betri ya akiba, yaani pawabenki, ni muhimu. Sheria za ndege hutaka iwekwe katika begi la mkononi, wala sio katika mzigo unaoingia chini ya ndege, na isizidi nguvu ya wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina takriban 74, basi inatosha. Kuhusu joto, Juni 2024 lilifika nyuzi 51.8 huko Makka, na zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki msimu ule. Simu nyingi zimetengenezwa zifanye kazi katika joto lisilozidi nyuzi 35, na zikizidiwa hujizima. Isiachwe juani, wala isitumiwe ovyo mchana wa Arafa.

Tano, msafiri mwenye simu janja awe nayo yenye uwezo wa kupokea programu ya Nusuk, iliyoanzishwa na Saudi Arabia mwaka 2022. Miadi ya kuingia Raudha, katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) huko Madina, hupangwa kupitia humo. Simu kuukuu huenda isiikubali.

Pamoja na yote hayo, simu ni kifaa, nacho huisha chaji, huanguka na huibiwa. Tarehe 24 Septemba 2015 ulipotokea mkanyagano wa Mina, waliofariki walikuwemo pia mahujaji kutoka Tanzania, na familia nyingi hapa nchini zilikaa siku kadhaa zikipiga simu zisizopokelewa. Kwa hiyo kila hujaji awe na karatasi yenye jina lake, hoteli yake, namba ya kiongozi wake na namba ya nyumbani. Karatasi hiyo aivae shingoni pamoja na kitambulisho anachopewa kule, wala asivitoe. Gharama yake ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa, na yule bibi wa mtaani kwetu angekuwa nayo, asingekesha.

Mwisho, tukumbushane adabu. Simu izimwe sauti wakati wa swala na tawafu. Asiingie mtu katika Haram akawa kazi yake ni kujipiga picha, akaibeba riyaa katika ibada aliyoilipia kwa akiba ya umri mzima. Nasi tuliobaki nyumbani tusimpigie mzazi kila saa tukimwagiza zawadi. Tumwache aombe dua, nasi tukiwa wa kwanza kuombewa.

Enyi vijana wenye wazazi wanaojiandaa kwa safari hiyo, kaeni nao jioni baada ya Magharibi, muwafundishe kwa upole na kwa kurudia, kama wao walivyotufundisha sisi kushika kijiko. Saa hizo za subira ndizo zawadi yenyewe. Simu ni sababu tu.

Tunamuomba Allah awafikishe salama, awarejeshe salama, na aijaalie Hija yao iwe yenye kukubaliwa. Amin.