Mtoto wa kulea aliyekabidhiwa joko, na wa damu aliyeondoka na mama yake

Mjini Kyoto, Japani, ipo familia ya wafinyanzi ambayo imekuwa ikitengeneza mabakuli ya chai tangu miaka ya 1500. Inaitwa Raku. Mkuu wake wa sasa ni wa 16, na alipokea nafasi hiyo kutoka kwa baba yake mwaka 2019. Watu wanaokusanya vyombo vya Kijapani vilivyofinyangwa kwa mkono, hasa vile vya hafla ya chai, wakioneshwa bakuli la familia hii huuliza kwanza swali moja: ni la Raku wa ngapi?

Kwa wengine hilo ni swali la bei tu. Kwa wanaoijua historia ya nyumba hiyo ni swali la nani alikuwa baba, nani alikuwa mtoto, na nani aliachwa nje.

Kisa chenyewe kinaanza na mkuu wa nne, Ichinyu, aliyezaliwa mwaka 1640. Huyu alikuwa na mtoto wa kiume, Yahei, aliyemzaa nje ya ndoa na mwanamke kutoka kijiji cha Tamamizu, kusini mwa Kyoto. Hata hivyo, mwaka 1665 Ichinyu alichukua mtoto mwingine wa kiume, mdogo wa kama miaka miwili kwa hesabu ya Kijapani, kutoka familia ya wafanyabiashara wa vitambaa iliyoitwa Kariganeya, akamlea kama mrithi wake. Ndiye aliyekuja kujulikana kama Sonyu. Alipokua akamwoa binti wa Ichinyu, na mwaka 1691 akakabidhiwa joko, karakana na jina la ukoo.

Yahei akaenda Tamamizu pamoja na mama yake. Huko akajenga joko lake, akajiita Ichigen, akaendelea kutengeneza mabakuli meusi na mekundu kwa mtindo uleule wa nyumba ya baba yake.

Kabla ya kumlaumu Ichinyu, ni vizuri kujua alichokuwa anakirithisha.

Mfinyanzi wa kwanza wa ukoo huu ni Chojiro, aliyefariki mwaka 1589. Baba yake anaaminika kuwa fundi aliyetoka China. Chojiro alifanya kazi kwa karibu na Sen no Rikyu, mwalimu mkubwa wa chai wa zama hizo. Kabla yake, wakubwa wa Japani walijivunia mabakuli ya China, mazuri, laini, yenye mng'aro. Rikyu alitaka kitu kingine. Alitaka bakuli la kawaida machoni, lisilopiga kelele, ambalo uzuri wake unaujua ukilishika kwa viganja viwili na kunywa.

Chojiro hakutumia gurudumu la mfinyanzi. Alitandaza donge la udongo, akaliinua kingo kwa mikono mpaka likawa bakuli, likikauka kidogo akalichonga kwa kisu. Mpako wake mweusi, ule unaoyeyuka motoni na kugeuka kama kioo, ulitokana na mawe ya Mto Kamo unaopita Kyoto. Bakuli jeusi huchomwa peke yake kwenye joko dogo la mkaa, moto ukipulizwa kwa mivukuto, kisha huchomolewa kwa koleo likiwa bado jekundu kwa joto. Ndiyo maana mabakuli mengi meusi ya Raku yana alama ya koleo ubavuni. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni dosari. Mkusanyaji huitafuta.

Kinywewacho humo ni matcha, majani ya chai ya kijani yaliyosagwa kuwa unga. Unga hutiwa bakulini, ukamiminiwa maji ya moto na kupigwa kwa upekecho mdogo wa mwanzi. Udongo wa Raku una vinyweleo, hivyo joto hutoka taratibu na mgeni haungui mikono. Akishamaliza kunywa, huliinua bakuli na kulitazama vizuri, mpaka kitako chake. Pale kwenye kitako, kuanzia kizazi cha pili na kuendelea, mara nyingi hukuta muhuri wenye neno "Raku", yaani raha au starehe. Inasimuliwa kwamba muhuri wa kwanza ulitolewa na mtawala wa wakati huo, Toyotomi Hideyoshi. Ni Hideyoshi huyohuyo aliyemwamuru Rikyu ajiue mwaka 1591.

Kazi ya namna hiyo haina kipimo cha kuandika karatasini. Inataka mtu aliyekulia karibu na moto, mwenye mkono, na mwenye moyo wa kuvumilia kuona kazi ya miezi ikipasuka jokoni. Kwa kawaida katika nyumba za mafundi wa Japani, mwenye nyumba aliyekosa mrithi alichukua mtoto wa kulea au alimfanya mkwe kuwa mwana. Hakuna aliyeona ni aibu. Nyumba ndiyo ilipaswa kuendelea, si damu peke yake. Familia ya Raku ilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mkuu wa sita alitoka nje, akamwoa binti wa Sonyu. Mkuu wa 11, Keinyu, alizaliwa katika familia ya watengenezaji wa sake, pombe ya mchele. Hata mkuu wa pili, Jokei, hakuwa mtoto wa Chojiro, bali wa mwenzake wa kazi aliyeitwa Tanaka Sokei, ambaye familia yake iliunganishwa na Chojiro kwa ndoa.

Na hapa ndipo kisa kinapokolea, kwa sababu habari hiyo ya Jokei inajulikana kutokana na maandishi ya Sonyu mwenyewe. Mwaka 1688, kabla hajakabidhiwa nyumba, mtoto huyo wa kulea aliketi akaandika kumbukumbu za ukoo: nani alitokana na nani, nani alioa wapi. Si vigumu kuona kwa nini ni yeye aliyeandika. Upande wa pili yuko ndugu mwenye damu ya baba, mwenye joko lake, mwenye ufundi uleule. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "wewe ni nani katika nyumba hii," anahitaji jibu. Na jibu la Sonyu, ukilisoma vizuri, lilionesha kwamba tangu kizazi cha pili nyumba ya Raku haikuwa ikifuata damu ya Chojiro.

Jibu lake la pili alilitoa kwa udongo. Wakuu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuanza kung'arisha mabakuli na kuchezea rangi, hasa Donyu, mkuu wa tatu, ambaye weusi wake unang'aa kama maji. Sonyu akarudi nyuma kabisa, kwa Chojiro. Akatoa weusi mkavu, uliofifia, kama chuma cha zamani, na mabakuli manene yaliyotulia. Alipotimiza miaka 50, mwaka 1713, alitengeneza mabakuli 200 ya kuadhimisha umri huo. Wakusanyaji wanayatafuta hadi leo.

Inafikirisha kwamba aliyerudi karibu zaidi na babu ni yule asiyekuwa na tone la damu yake. Lakini wa Tamamizu naye hakuwa fundi wa kubahatisha. Mabakuli ya Ichigen yana nguvu na uhuru ambao baadhi ya wakusanyaji wanaupenda kuliko utulivu wa Sonyu. Zamani vyombo vya Tamamizu vilionekana kama tawi la pembeni. Sasa wapo wanaovitafuta kwa makusudi, wakaviweka kwenye rafu moja na vya Kyoto. Hao ndugu wawili wamekutanishwa na wageni.

Namna ya kurithishana katika nyumba hiyo nayo ni ya kushangaza kwa mzazi yeyote aliyezoea kumwelekeza mtoto kila hatua. Baba hamfundishi mwana mpako wake. Hamwandikii kipimo. Mtoto anakua akiona, akisaidia, akinusa moshi wa mkaa, na siku zamu yake ikifika anatafuta weusi wake mwenyewe. Anachoachiwa ni udongo. Udongo mzuri ukipatikana huhifadhiwa miaka mingi, na anayeuchimba mara nyingi si yeye atakayeufinyanga. Mkuu wa 15, aliyezaliwa mwaka 1949, ametumia udongo uliohifadhiwa na baba wa babu yake, mkuu wa 12, aliyefariki mwaka 1932. Hawakuwahi kuonana.

Pia huachiwa jina. Kila anayeshika nyumba huitwa Kichizaemon, na siku mwana analipokea jina hilo, baba hulivua na kuchukua jingine, ambalo kwa desturi huishia na "nyu", neno la kuingia. Yule wa 15 sasa anaitwa Jikinyu. Ni wazazi wangapi wangekubali kuacha hata jina lao ili mtoto asifanye kazi chini ya kivuli chao?

Utaratibu huo wa kutofundisha uliwahi kuwa karibu kuiua nyumba. Mkuu wa 13, Seinyu, alifariki mwaka 1944, vita vikiendelea. Mwanawe Kakunyu, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa amechukuliwa jeshini. Aliporudi vita vilipokwisha, baba hayupo. Hakukuwa na wa kumuuliza. Alikuwa na udongo, mawe na vitu ambavyo baba alikuwa ameviweka akiba, na mabakuli ya wazee wake wa zamani. Akaanza hapo. Mwaka 1978, miaka miwili kabla ya kifo chake, alifungua jumba la makumbusho la Raku jirani na nyumba ya familia, na vyombo vilivyokuwa vimehifadhiwa na ukoo vikaanza kuonekana na watu wa nje. Ni rahisi kumwelewa. Mtu aliyejifunza kwa kulitazama bakuli la marehemu hawezi kutaka mabakuli yafungiwe.

Kwa anayekusanya, au aliyeachiwa chombo cha namna hii na mzazi, yapo mambo ya kuangalia. La kwanza ni sanduku. Bakuli la chai la Kijapani hukaa ndani ya sanduku jepesi la mbao lililofungwa kwa utepe, na kwenye kifuniko huandikwa kwa wino jina la bakuli, la aliyelitengeneza, au ushuhuda wa mwalimu wa chai au wa mkuu wa baadaye wa nyumba ya Raku. Mabakuli ya Chojiro hayana muhuri, kwa hiyo maandishi ya sanduku ni kama cheti chake cha kuzaliwa. Warithi wasiojua hulibakiza bakuli kabatini na kulitupa sanduku, au hulifanya la kuwekea vikorokoro. Wapo pia wajanja wanaoweka bakuli la hovyo ndani ya sanduku la maana. Sanduku na bakuli visomwe pamoja.

La pili ni jina. Vyombo vingi vinavyouzwa Ulaya na Marekani kwa jina la raku, vyenye nyufa nyeusi za moshi na rangi za shaba, ni mtindo uliokuzwa Marekani kuanzia miaka ya 1960. Ni kazi nzuri kwa namna yake, lakini haikutoka Kyoto na haikutengenezwa kwa ajili ya chai.

La tatu ni matumizi. Bakuli la Raku hulowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu lisije likashtuka kwa joto wala kunyonya chai likatia madoa. Haliwekwi sabuni. Likishaoshwa huachwa mahali penye hewa siku kadhaa likauke mpaka ndani, ndipo lirudi kwenye sanduku. Likifungiwa na unyevu litaota ukungu, na harufu hiyo haitoki.

Mabinti nao hawakusahaulika katika historia hii, ingawa joko halikuwa lao. Hon'ami Koetsu, msanii mkubwa wa Kyoto aliyefariki mwaka 1637, alikuwa rafiki wa nyumba ya Raku. Alifinyanga mabakuli yake mwenyewe na kuyachomea kwa Jokei na Donyu. Moja ni jeupe juu na jeusi chini, kwa sababu moto uliamua hivyo, na yeye akaliita Fujisan, yaani Mlima Fuji, akaliandika jina hilo kwa mkono wake kwenye sanduku. Leo ni hazina ya taifa, na ni moja ya mabakuli mawili tu ya chai yaliyotengenezwa Japani yenye hadhi hiyo. Inasimuliwa kwamba alimpa binti yake alipokuwa anaolewa Osaka, likiwa limefungwa kwa kipande cha kimono yake ya usichana, yenye mikono mirefu. Kwa hiyo lina jina la pili, linalotokana na mikono hiyo ya kimono: Furisode.