Kikohozi cha Mazoezini Si Ushujaa

Wanachuo wenzangu, najua mtaniuliza: sisi na theluji wapi na wapi? Lakini mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za ski kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Na wapo wenzetu wanaokwenda kusoma Kanada, Norway na Finland, ambako mchezo huo ni wa kawaida. Hoja yangu ni moja: kijana asiachiwe aamue mwenyewe kama baridi imezidi. Hiyo ni kazi ya kocha.

Tuanze na mwili. Ukiwa umetulia, pua hupasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Ukikazana kukimbia, pua haitoshi, unahemea mdomoni. Umekaa tu, unavuta kama lita 6 hadi 8 kwa dakika; mwanariadha anayejituma anaweza kupita lita 100. Na hewa ya baridi kali ni kavu. Njia za hewa zinapoteza maji na joto, zinabana, kisha unasikia kikohozi na mluzi kifuani. Si ajabu pumu imeenea sana kwa wanaokimbia masafa marefu kwa ski.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, haliruhusu mbio hizo baridi ikishuka chini ya nyuzi 20 hasi. Safi kabisa. Lakini mashindano ni siku chache. Mazoezi ni karibu kila siku, na huko hakuna refa mwenye kipimajoto. Kuna kocha, na ile kauli tunayoijua hata huku kwetu: "Jikaze!"

Sasa niambieni, kijana wa miaka 17 anayegombea namba kwenye timu atathubutu kusema kifua kinambana? Thubutu!

Wapo watakaosema bingwa hulelewa kwa shida. Sawa, misuli hujengeka kwa kuchoshwa. Njia za hewa hazikomai kwa kukaushwa.

Kinga yenyewe wala si ngumu: kupasha mwili taratibu, kufunika pua na mdomo kwa skafu au barakoa inayotunza joto la pumzi, na siku ya baridi kali kuacha mbio za kasi au kuhamia ndani. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta, kama daktari alivyomwelekeza.

Kocha atangaze kiwango chake cha baridi kabla msimu haujaanza, na akifuate. Anayekohoa kila baada ya mazoezi apelekwe kwa daktari, asipigiwe makofi.