Jeep bila shasi: tuitie nguvu mbele ya kuikata

Ndugu wanamemba, siku hizi katika mikutano ya koperative kunarudi wazo moja: tununue jeep ya zamani, tukate nyuma, tupate pikapu ya kubebea kahawa, viazi na maharagi mpaka soko. Hesabu inaonekana nzuri, juu ya Hilux bei yake haisogelewi. Mimi sikatai wazo. Ninakataa namna linavyofanywa: asubuhi fundi anakata paa na mbavu, jioni anatia mbao, kazi imekwisha.

Kwanza mupige goti muchungulie chini ya gari. Hilux, Land Cruiser za kazi na Suzuki Samurai ziko na shasi, vyuma viwili vinene vinavyotoka mbele mpaka nyuma, karoseri imefungwa juu yake kwa buloni. Ukikata karoseri, shasi inabaki kubeba. Lakini RAV4, Pajero zilizotoka kuanzia 1999, ao Jeep Cherokee za miaka ya 1980 na 1990, hazina kitu hicho. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo na paa vimeshikana, na vyote pamoja ndiyo shasi yenyewe.

Mutu asiyeamini achukue kartoni ya sabuni iliyofungwa pande zote, ajaribu kuipindisha. Ni ngumu. Akate kifuniko na upande mumoja, apindishe tena: inalegea kama kitambaa. Barabarani kwetu gurudumu moja la nyuma liko ndani ya shimo, lingine liko juu ya jiwe, na gari linapindishwa namna hiyo kutwa nzima. Hapo mulango unaanza kukataa kufunga, rangi inapasuka kwenye pembe za milango, kioo cha mbele kinapata ufa bila kupigwa na kitu. Na tunajua nani ameketi juu ya magunia: ni mama zetu wanaokwenda sokoni.

Wenye kiwanda walilijua hilo. Walipotaka kutoa pikapu kwa mwili wa Cherokee, ile Jeep Comanche iliyotengenezwa toka miaka ya 1980 mpaka 1992, hawakukata paa tu. Nyuma, chini ya sanduku la mizigo, walitia fremu ya chuma yenye nguvu, iliyoungana na mwili wa mbele.

Fundi wetu naye afuate njia hiyo. Mbele ya kukata, gari lisimame sawasawa kwenye saruji, tanki ya mafuta itolewe, batri ifunguliwe. Kila nafasi ya mulango itiwe bomba la muda ili isijifunge, na vipimo viandikwe toka pembe mpaka pembe. Akate nyuma ya nguzo inayoshika mukaba wa kiti cha mbele, nguzo yenyewe isiguswe kamwe. Chini, chuma cha pembe nne kipite kando ya vizingiti, kiendelee mpaka zile mbavu za chini zinazoshika resori za nyuma. Nyuma ya viti lisimame tao la bomba toka sakafu mpaka paa, na ukuta wa bati ufunge kabini yote. Ukuta huo ndio unaorudisha kifuniko cha kartoni. Wengi wanauacha wazi ili wapate hewa!

Kosa lingine ni kusudea ncha ya bomba nene moja kwa moja kwenye bati la gari, ambalo mara nyingi halifiki milimetre 1. Litatoboka ao litachanika. Kwanza kibandikwe kipande kipana cha chuma cha milimetre 3, ndipo bomba likae juu yake. Posti ya waya inafaa kuliko ya bageti, na asudee kidogo-kidogo akihamahama, ili moto usikunje bati.

Hata kazi ikifanywa vizuri, gari halijapata nguvu mupya ya kubeba. Freni, resori na matairi ni vya jeep ya watu watano na mizigo yao. Kwa hiyo magunia matano ya kilo 100, na shofere juu yake, tayari ni mengi kwa jeep ndogo kama RAV4 za kwanza. Sanduku likiwa refu, watu watalijaza tu; afazali liwe fupi, lisipite sana magurudumu ya nyuma. Mutu wa asirasi naye aulizwe mapema kama atakubali gari iliyobadilishwa.

Ninaomba komite zisilipe fundi yote kwa mara moja. Sehemu ya kwanza ilipwe vyuma vya chini vikiisha kushikana, paa likiwa bado juu. Ya mwisho ingojee mwezi mumoja wa barabara, milango ifunguliwe gari likiwa na muzigo, na vile vipimo vya pembe vichukuliwe tena mbele ya wanamemba.