Ziara ya Hifadhini Siyo Kuhesabu Tembo

Yako mazoea shuleni kwetu ambayo yafaa tuyatafakari upya. Mwalimu akisha kupata ruhusa na nauli ya kuwapeleka watoto katika hifadhi ya taifa, aghalabu hudhani kwamba kazi yake ya kufundisha imekwisha, na iliyobaki ni ya nahodha na ya askari wa wanyamapori. Watoto huonyeshwa wanyama, huandikishwa majina yao, kisha hurudishwa nyumbani. Kwa maoni yangu, ziara ya namna hiyo ni matembezi mema, lakini siyo somo. Nasema hivyo kwa kuwa kosa hilo nimelitenda mwenyewe.

Nilipokuwa nikifundisha darasa la sita, tuliondoka asubuhi katika mwalo wa Nkome, Wilaya ya Geita, tukavuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Kiangazi kilikuwa kinakwisha na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya Ziwa Victoria. Tulitembea msituni kwa muda wa saa tatu tukiongozwa na askari mwenye bunduki, nami sikunyamaza hata kidogo. Tembo hatukumwona, tuliona kinyesi chake tu, tena kikavu. Siku ya pili niliwapa watoto insha. Karibu darasa zima waliandika kwamba walimwona tembo mkubwa. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini ameandika jambo lisilotokea, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, nilidhani ndilo ulilolitaka."

Jibu hilo lilinichoma. Watoto wale walikuwa watoto wa wavuvi. Walijua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, na waliweza kuutazama mtumbwi ulio mbali wakasema kama umerudi na samaki au umerudi mtupu. Walikuwa waangalizi hodari kabla sijawafundisha neno. Mimi ndimi niliyewafunza, kwa muda wa saa tatu, kwamba macho yao hayana thamani mbele ya maneno ya mwalimu. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alituonya dhidi ya kudhani kwamba elimu yote yenye maana hutoka vitabuni au kwa wasomi. Onyo hilo nililikariri chuoni, lakini nililisahau msituni.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuuchague wakati vizuri, tena tuutumie. Mwisho wa kiangazi majani huwa yamekauka, na maji yanapopungua kwenye kingo za mabwawa huacha matope yanayohifadhi nyayo. Rubondo yuko nzohe, ambaye kwato zake ni ndefu na hutanuka asizame katika tope. Yuko pia pongo, mwenye kwato fupi za nchi kavu. Usiwaambie watoto habari hiyo. Waketishe penye nyayo za aina mbili, wazipime kwa kijiti, wazichore, kisha uwaulize: yupi kati ya hawa anaishi majini, nanyi mmejuaje? Wakikosea, waulize tena. Mtoto aliyeligundua jambo hilo kwa kijiti chake hatalisahau.

Pili, tukubali jibu la "hatukumwona". Daftari la kila mtoto liwe na safu tatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, na ninayoyadhani kwa sababu fulani. Kinyesi kikavu cha tembo ni ushahidi kwamba tembo alipita, siyo tembo. Mtoto anayetenganisha mambo hayo mawili ameanza kusoma sayansi.

Tatu, tuwape kisa chenye swali ndani yake. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa Rubondo kutoka Ulaya, ambako waliishi katika bustani za wanyama na sarakasi. Waliachiliwa msituni bila ya mafunzo, nao wakajifunza kujitafutia chakula na kujenga viota vya kulalia mitini. Wazao wao wangali kisiwani. Sokwe si rahisi kumwona, lakini kiota chake huweza kuonekana juu ya mti. Mtoto na akitazame, ajiulize mjenzi wake alijifunza kwa nani.

Najua, ndugu mwanachuo, utakayosema: fedha hazipo, na darasa lina watoto wengi. Ni kweli. Lakini njia hii haianzii hifadhini, bali huanzia ufukweni. Furukombe huonekana kandokando ya ziwa. Mafunjo yapo, na nyayo za ndege zimejaa matopeni. Anza hapo kwa kipindi kimoja, watoto wakiwa katika vikundi vya watanowatano. Siku nauli itakapopatikana, watavuka wakiwa wamekwisha kujua kutazama. Wala safari isifanywe zawadi ya wanaoshinda mitihani tu, kwani huenda mwenye jicho kali kuliko wote ndiye wa mwisho darasani.

Jambo hili lina uzito zaidi ya alama za sayansi. Rubondo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na maji yanayoizunguka ndani ya mipaka yake hayaruhusiwi kuvuliwa kibiashara. Katika nyumba ya mvuvi katazo hilo huzungumzwa, pengine kwa uchungu. Mtoto atasikia upande mmoja kwamba hifadhi ni mazalio ya samaki, na upande mwingine kwamba inamnyima baba yake riziki. Siku moja yeye mwenyewe atakuwa mtu mzima wa Nkome, atakaa mkutanoni, naye atatakiwa kutoa maoni. Ikiwa shule ilimzoeza kuandika tembo asiyemwona ili kumfurahisha mkubwa, atasema lile linalotakiwa na yeyote aliye mbele yake. Ikiwa ilimzoeza kupima nyayo, atauliza: tumeona nini, na tumejuaje?

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapolifikisha darasa lako msituni, nyamaza kwanza. Waache watoto watazame, kisha uwe wa mwisho kusema.