Jina la musuku ni kazi yetu pia

Mvua zikikolea, akina mama hupanga masuku kwa malundo kando ya barabara za Likasi. Tunanunua, tunafyonza, tunatema mbegu, na habari inaishia hapo. Mwenzetu mmoja alipotaka kuandika kazi yake ya mwisho (TFC) juu ya majina ya matunda ya porini, aliambiwa hayo ni mambo ya watu wa kilimo, si ya watu wa lugha. Mimi nasema alishauriwa vibaya.

Tutazame jina lenyewe. Kwa wataalamu wa mimea, musuku ni Uapaca kirkiana. Neno la pili linamheshimu John Kirk, Mskoti aliyesafiri na Livingstone katika nchi za mto Zambezi, kisha akawa konseli wa Uingereza Zanzibar. Lakini neno la kwanza, jina la jenasi nzima, halikuzaliwa Ulaya. Mfaransa Henri Baillon alilichapisha mwaka 1858 akilitoa katika Kimalagasi: voapaka. Voa kwa Kimalagasi ni tunda. Tahajia imebadilika njiani, lakini neno la Madagaska ndilo linalobeba ndugu wote wa musuku, hata wale wa Afrika Magharibi. Kumbe lugha zetu hazikuwa ndogo mno kwa sayansi. Zilihitaji tu mtu wa kuziandika.

Wapo watakaosema jina la Kilatini linatosha, kwa sababu linaeleweka Likasi, Lusaka na Paris. Ni kweli, wala silikatai. Ila kuna maswali lisiyoweza kuyajibu. Kwa nini Wabemba wanasema musuku, na Tanzania wanasema mkusu? Je, ni shina moja ambalo silabi zake zimebadilishana nafasi, au ni mashina mawili yaliyofanana kwa bahati? Mtaalamu wa mimea hatatufanyia kazi hiyo. Hiyo ni fonolojia, ni historia ya lugha za Kibantu. Ni sisi.

Wala tusidhani majina hayaguswi. Sisi tunaoishi katika mji ulioitwa Jadotville hadi 1966 tunajua uzito wa jina. Hata wataalamu wa mimea, katika kongamano lao la Madrid mwaka 2024, walipiga kura kwamba caffra, neno lenye mzizi wa tusi kwa Waafrika, liandikwe affra katika majina zaidi ya 200.

Wakati hautungoji. Miti ya miombo inageuzwa makala, na wazee wanaoijua mmoja mmoja kwa jina wanapungua. Walimu wetu, tunawaomba mzipokee TFC za namna hii. Nanyi wanafunzi wenzangu, siku mtakaponunua masuku, muulizeni mama anayeuza: kwenu mti huu unaitwaje? Andikeni jibu lake, lugha yake na kijiji chake, kabla ya kutema mbegu.